Barua ya wazi kwa mawaziri wa TEHAMA na Fedha: nunueni kazi yetu, na mlipe kwa wakati

Kwa Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Taifa,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,
Kampala.

Waheshimiwa Mawaziri, pokeeni salamu kutoka Busia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofanyia kazi kutwa nzima. Hapa mpakani, Msamia, Mteso, Mganda na Mluhya wa ng'ambo ya Kenya wakikutana kwenye gunia la mahindi, bei hutajwa kwa Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikwisha kuamua kwamba Kiswahili ni lugha rasmi na kifundishwe shuleni, kwa hiyo naamini barua hii itapata wa kuisoma.

Nina kampuni ndogo ya teknolojia. Leo tuko watu watatu, tulikuwa watano. Katika miaka yetu ya kazi tumeitwa kwenye semina, maonyesho na mashindano, tumepigwa picha na wageni wakubwa, na tumepewa vyeti vinavyojaza ukuta mzima wa chumba tunachokodi. Kitu ambacho hatukukipata ni mnunuzi anayelipa. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini, na ninachowaomba kwa barua hii ni hicho tu: mtununulie, na mkishanunua mtulipe.

Niruhusuni nieleze tulivyoanza, maana pasipo hilo ombi langu litaonekana la kudeka.

Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini akina mama waliozoea kuvuka na beseni kichwani walibaki upande huu. Mmoja wao anauza mukene, yaani dagaa. Namwita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu. Alikuwa akikaa kwenye kibaraza cha duka la kaka yangu na simu mbili, moja ya laini ya Uganda, nyingine ya Kenya. Asubuhi alipiga ng'ambo kuuliza bei ya debe, akaiandika kwenye daftari la shule la mwanawe. Akapiga huku kuuliza dereva gani anapita leo, akaandika. Kisha akafumba macho kidogo na kugeuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani, midomo ikichezacheza.

Siku moja niliomba lile daftari nikalisoma. Zilikuwa kurasa kama 40 za bei, tarehe, majina ya madereva na madeni, kwa mwandiko mdogo uliobanwa ili karatasi isiishe. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta mwaka uliotangulia, na riziki yangu ilikuwa kubadilisha vioo vya simu vilivyopasuka. Nikajua kazi ya kufanya ni ipi.

Tulitengeneza menyu ya simu, ile ya kubonyeza nyota, tarakimu na reli, kwa sababu shangazi na wenzake wanatumia katochi, simu ndogo ya vitufe, na katochi haina intaneti. Skrini moja ya menyu ya namna hiyo hubeba herufi 182 tu. Mtu asiyeifanya kazi hii hajui jasho la kuingiza bei ya mukene ya masoko matatu, kiwango cha kubadilisha fedha na maelekezo ya kurudi nyuma ndani ya herufi 182. Tulibishana wiki nzima juu ya neno moja: samaki yule yule kwetu anaitwa mukene, ng'ambo anaitwa omena, na kwenye vitabu vya Kiswahili ni dagaa. Mwishowe tukaandika majina mawili na mstari katikati, tukafuta neno "karibu" ili yaenee. Kipengele cha nne kilieleza kitu ambacho wengi hawakukijua: kwamba bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zina cheti rahisi cha asili ya bidhaa, na mwenye cheti hicho hupita njia kuu bila kudaiwa ushuru wa forodha. Kuna akina mama waliokuwa wakipitia njia za panya usiku, wakinyang'anywa mizigo na kudhalilishwa, kwa kukwepa ushuru ambao hawakudaiwa.

Tulisajili kampuni mwishoni mwa 2020. Wiki chache baadaye, Januari 2021, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kwa sababu ya uchaguzi. Menyu yetu ilifunguka kwenye katochi, lakini bei zilikuwa kwenye seva ambayo haikufikika. Shangazi alibonyeza akaona skrini tupu. Ilituchukua miezi kumrudisha, na wengine hawakurudi kabisa. Nayataja haya kwa ufupi kwa kuwa wengi wamekwisha kuyasema kwa ufasaha kuliko mimi. Lakini naomba mjue kwamba kwa kampuni ya watu watano, siku zile zilikuwa sawa na kuchomewa duka.

Baadaye tukashiriki shindano la wabunifu Kampala na kushika nafasi ya tatu. Tulipewa shilingi milioni 5. Fedha ziliingia kwenye akaunti ndani ya wiki mbili, na nawashukuru walioziandaa, maana zililipa kodi ya chumba na ada ya namba fupi, ile inayobonyezwa kufungua menyu, kwa miezi kadhaa.

Katika shindano hilo hilo, ofisa wa ofisi moja ya umma aliiona menyu yetu akaipenda. Ofisi hiyo siitaji, wala si ya wizara zenu. Walituomba tuwatengenezee menyu kama hiyo kwa ajili ya wakulima wa kata ndogo kadhaa: bei za mazao, tarehe za kugawa mbegu, namba ya kumpigia ofisa ugani. Tulifanya kazi hiyo kwa miezi mitatu. Tulizunguka kwa bodaboda tukiwafundisha watu. Walitaka tuiandike yote kwa Kiingereza, na tulipouliza mkulima ataisoma vipi, tuliambiwa Kiswahili hakina wasomaji Uganda. Tukaiandika kwa lugha zote mbili, ya pili bila malipo. Wakulima waliitumia ya Kiswahili.

Tukapeleka ankara ya shilingi milioni 18. Ililipwa baada ya miezi 14.

Miezi 14 ndiyo nataka muione kwa karibu, Waheshimiwa, kwa sababu kwenye taarifa za mwaka huonekana kama mstari mmoja wa malimbikizo ya madeni ya ndani. Mwezi wa pili tuliambiwa ankara ilikuwa na kosa la tarehe, tukaiandika upya. Mwezi wa nne aliyepaswa kuweka sahihi alikuwa amehamishwa. Mwezi wa sita mwaka wa fedha ukaisha, na fungu letu likarudi lilikotoka. Nilisafiri kwenda kufuatilia mara tisa. Kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200. Unapanda gari usiku, unafika alfajiri, unanawa uso kwenye choo cha kituo cha mafuta, unasubiri ofisi ifunguliwe. Mara nne kati ya hizo tisa niliambiwa anayehusika yuko kwenye warsha. Mojawapo ilikuwa ya kuwawezesha vijana kibiashara. Niliona mwaliko umebandikwa mlangoni.

Mwezi wa saba tulishindwa kulipa ada ya namba fupi, ikakatwa. Menyu ya wakulima na ya akina mama zikafa pamoja, kwa kuwa zilikuwa chini ya namba moja. Mwezi wa tisa mwenzetu aliyeandika sehemu kubwa ya programu alipata kazi Nairobi, akaondoka. Hakuniaga vibaya. Alikuwa na mtoto mchanga na miezi mitatu bila mshahara. Baba yangu aliweka kiwanja chake dhamana kwenye chama cha akiba na mikopo ili tulipe seva, inayolipiwa kwa dola. Mwezi wa kumi na nne fedha zikaingia, kodi ya zuio ikiwa imekwisha kukatwa, na karibu zote zikaenda kwenye riba na madeni. Kiwanja kilipona. Kampuni ikabaki na watu watatu.

Zawadi ya kushika nafasi ya tatu ililipwa kwa wiki mbili. Kazi iliyofanywa, ikapokelewa na kutumiwa na wakulima, ililipwa kwa miezi 14. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi, na naamini hakuna mtu aliyekusudia kutuua. Zawadi ina siku yake, ina wageni na kamera, hivyo kila mtu huhakikisha hundi iko tayari. Ankara haina siku wala anayeisubiri, isipokuwa aliyeiandika.

Busia tunajua biashara mpya inavyokua, kwa sababu neno bodaboda lilizaliwa hapa. Wazee wetu wanawakumbuka vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kwenye kile kipande cha ardhi kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, wakiita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Hakuna aliyewapa kikombe. Walipewa nauli, mkononi, abiria akishuka, na kwa nauli hiyo walinunua tairi, kisha baiskeli ya pili, kisha pikipiki. Leo neno letu linatumika Nairobi, Dar es Salaam na Juba. Kampuni ya SafeBoda ilipoanza Kampala 2014 na kofia zake ngumu na namna ya kumwita mwendeshaji kwa simu, ilijengwa juu ya abiria aliyekwisha kuzoea kulipa. Pesa kwa simu nayo, tangu MTN ilipoileta hapa 2009, imeenea hadi vijijini kwa sababu kila muamala una ada yake na mawakala wanalipwa kamisheni. Sijawahi kuona ubunifu uliosimama kwa cheti.

Nao wanaoshinda tuzo kubwa wanastahili mnunuzi. Mwaka 2018 Brian Gitta na wenzake waliotoka Makerere walishinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoboa kidole. Tulishangilia hadi huku. Malaria ni yetu, inalaza watoto wetu kila msimu wa mvua, na vipimo vyake hununuliwa mwaka hadi mwaka. Swali langu ni hili: ni ofisi gani nchini yenye jukumu la kuwaambia vijana wa namna ile, "Fauluni majaribio haya na haya, kwa viwango hivi, nasi tutanunua vifaa elfu moja kwa bei hii"? Ahadi ya ununuzi iliyoandikwa ingemwezesha kijana kwenda benki na karatasi ya maana mkononi. Picha ya tuzo benki haipokei kuwa dhamana.

Kuhusu kodi nitasema machache. Nashukuru kwamba mlisikia kilio, na kwamba biashara mpya za raia zilizoanzishwa baada ya tarehe 1 Julai 2025, zenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500, zimesamehewa kodi ya mapato kwa miaka mitatu. Ni hatua njema kwa watakaokuja. Sisi tulizaliwa mapema mno. Lakini hata kwao, msamaha wa kodi ya mapato humfaa aliye na mapato, na kampuni ya teknolojia kwa kawaida huzunguka miaka miwili au mitatu bila faida yoyote. Kinachotubana ni vile vinavyokatwa kabla ya faida. Kodi ya zuio ya asilimia 6 hukatwa kwenye malipo yenyewe, umepata au umepoteza. Ushuru wa asilimia 12 kwenye data, uliokuja Julai 2021 mahali pa ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ya 2018, unampata mteja wetu kabla hajafungua chochote. Ndiyo sababu wengi wetu bado tunaandikia katochi mpaka leo.

Wapo wanaosema tunahitaji sheria ya kampuni chipukizi kama Tunisia waliyoitunga 2018, Senegal 2019 na Nigeria 2022. Nakubali, itungwe. Ila naogopa sheria nzuri itakayotupa cheti kingine cha kubandika ukutani, cha kuthibitisha kuwa sisi ni chipukizi, huku ankara zikiendelea kulala kwenye madroo. Nikiambiwa nichague, nachagua ankara.

Zabuni nazo zinatufungia mlango mapema. Tumesoma nyaraka za zabuni za kazi ambazo tungeweza kuzifanya kwa wiki sita. Zinadai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ushahidi wa kazi mbili za aina hiyo hiyo zilizokamilika, na dhamana ya benki. Kampuni yenye miezi 18 itatoa wapi hesabu za miaka mitatu? Basi kazi inakwenda kwa kampuni kubwa, mara nyingi ya nje, nayo ikishashinda inatutafuta sisi kwa mlango wa nyuma tuifanye kwa robo ya bei. Hilo limetupata mara mbili. Tulikubali, kwa sababu walilipa baada ya siku 30.

Wakati huo huo kazi zipo, tena karibu nasi. Mpango wa Maendeleo wa Parishi ulizinduliwa Februari 2022 kule Kibuku, majirani zetu wa Bukedi. Kila parishi, yaani eneo la utawala lililo chini ya kata ndogo, hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni 1. Mkulima aliyekopa milioni moja akafuga kuku au kulima vitunguu anahitaji kujua bei ya Mbale na ya ng'ambo kabla ya kumwita mlanguzi. Anahitaji kukumbushwa marejesho kwa lugha anayoielewa. Kamati ya parishi inahitaji hesabu isiyopotea pamoja na daftari. Haya si mambo ya kutafutiwa mfumo mkubwa kutoka mbali. Vijana wa Busia, Tororo, Arua na Mbarara wanaweza kuyafanya, kila mmoja kwa wilaya yake, kwa fedha ambazo kwa bajeti ya taifa ni ndogo sana, mradi tu wajue watalipwa.

Kwa hiyo naomba haya, Waheshimiwa, na naomba yajibiwe.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, agizeni kwamba ankara yoyote ya kampuni ndogo ya raia, isiyozidi shilingi milioni 50, ilipwe ndani ya siku 30 tangu kazi ipokelewe, na ikichelewa, ofisi iliyochelewesha iandike sababu na jina la aliyekaa nayo. Mwaka wa fedha ukiisha, fungu la kazi iliyokwisha kufanyika lisirudishwe. Na deni la zamani la kampuni changa lilipwe kwanza kabla ya kutenga fungu jipya la mashindano. Hata fedha za mashindano yenyewe zikitumika kulipa madeni hayo, mimi kwa upande wangu sitalalamika.

Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA, kituo cha wabunifu cha Nakawa ni kizuri, nimekaa pale, nimechaji kompyuta na kukutana na watu walionifundisha mengi. Lakini Nakawa iko Kampala. Tupeni orodha ya matatizo ambayo wizara na wilaya zinataka yatatuliwe, kila tatizo na bajeti yake, iwekwe wazi kila robo mwaka, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kazi ndogo zisidai hesabu za miaka mitatu. Daini tuonyeshe kitu kinachofanya kazi mbele ya watakaokitumia. Kaeni na makampuni ya simu mpunguze ada ya namba fupi kwa kampuni iliyo chini ya miaka mitatu. Na intaneti isizimwe tena.

Shangazi bado anauza mukene. Mpaka ulipofunguliwa alirudi kuvuka mwenyewe, sasa kwa njia kuu, cheti mkononi. Daftari ameanza jingine. Mwezi uliopita aliniuliza kama ile namba itarudi, kwa sababu bei ya ng'ambo ilimbadilikia njiani akapoteza faida ya madebe sita. Nilimwambia tunadaiwa ada, na kwamba kuna ankara nyingine, ya kazi tuliyomaliza Februari, ambayo haijalipwa. Akauliza nani anadaiwa. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kama ni hivyo niandike barua, naye atatia kidole.

Alama ya kidole chake iko chini ya sahihi yangu kwenye nakala niliyoituma Kampala kwa basi la usiku.

Wenu mtiifu,
Mjasiriamali wa Busia, Uganda